Mtaa Ulioongoza kwa Kusubiri

Kama kuna mtu atakuambia kwamba nchi hii haipo, muulize mimi kodi nalipa wapi. Ipo. Jina lake silitaji kwa sababu kulitaja hadharani kunahitaji kibali, kibali kinaombwa mtandaoni, na mimi kwa mwaka huu nimeshasubiri vya kutosha. Nimechoka, tena vibaya, lakini nitasimulia yaliyotokea mtaani kwetu kama nilivyoyaona.

Kwa kazi mimi ni Ofisa Sababu katika kampuni ya Kipimo Halisi, iliyopewa na serikali jukumu la kupima wananchi wanatumia programu gani kwenye simu na kompyuta zao. Wenzangu ndio wanaohesabu. Mimi naandika sababu. Takwimu zikipanda, naeleza kwa nini zimepanda. Zikishuka, naeleza pia kwa nini zimepanda. Ni kazi nzuri, ina bima na chai ya saa nne.

Mambo yalianza Mkuu wa nchi, ambaye kwa mapenzi tunamwita Mlezi, alipohudhuria mkutano wa marais. Wakati wa chai, rais wa nchi jirani alimwinamia akamwambia kwamba watu wake sasa wanaingia mtandaoni kwa kivinjari walichokitengeneza wenyewe, na kwamba kivinjari hicho kinaongoza sokoni. Kivinjari ni ile programu unayofungulia tovuti. Bila hiyo simu yako inafaa kujitazamia ukichana nywele. Mlezi hakumaliza sambusa yake. Alirudi nyumbani amenuna, na kabla ndege haijazima injini alikuwa ameshaagiza nasi tuwe na chetu.

Kikatengenezwa, kikaitwa Tumaini. Kinapofunguka kinaonyesha picha ya Mlezi akitabasamu, na kwa kuwa kinafunguka polepole, wananchi tulipata nafasi ya kumtazama mpaka tukayajua meno yake moja moja. Hakuna aliyekitumia. Ndipo Waziri wa Mtandao na Fahari ya Taifa, Mheshimiwa Daktari Tandamilo, akatangaza kwamba huduma zote za serikali zitapatikana kwa Tumaini peke yake. Unataka leseni ya duka, Tumaini. Unataka cheti cha mtoto, Tumaini. Unataka kuoa, kuhama, kuchinja ng'ombe, kumzika ndugu yako, fungua Tumaini kwanza uombe kibali.

Nchi nzima ikaingia siku hiyohiyo. Seva, yaani kompyuta inayopokea maombi yote, ilikuwa moja, nayo tulipewa zawadi na watu waliokuwa wanahama ofisi. Ikaelemewa. Basi wataalamu wakaweka ukurasa wa kusubiria, wenye maneno haya: "Subira huvuta heri. Usifunge ukurasa huu. Ukiufunga, utaanza upya." Ukurasa huo ulikuwa unajirudia wenyewe kila baada ya muda mfupi, kuangalia kama zamu yako imefika, na kila ukijirudia, kaunta yetu ya Kipimo Halisi iliyofichwa ndani yake ilihesabu kwamba amekuja mtumiaji mwingine. Huo ndio utaratibu wetu wa kazi. Ofisini hakuna aliyeuona wa ajabu.

Kwa hiyo muuza mkaa aliyesubiri leseni kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, kwetu alikuwa ni wilaya nzima.

*

Ripoti ya kwanza ilipotoka, Tumaini lilikuwa limeshika asilimia mia moja na nane ya soko. Mkurugenzi wetu, Bi. Leokadia, mama mwenye macho ya mtu anayetamani kustaafu, aliniita akanipa karatasi.

"Sefu, andika sababu."

"Mama, soko lote ni mia. Hizi nane zinatoka wapi?"

"Baba, wewe ni Ofisa Sababu au Ofisa Maswali?"

Nikaandika: "Wananchi wanalipenda Tumaini kuliko idadi yao." Waziri aliipenda sentensi hiyo ikachorwa kwenye kuta za shule.

Muda si mrefu ikaja kampuni ya kigeni, nayo ikapima kwa njia yake. Walisema katika kila watu mia moja, wanaotumia Tumaini kwa hiari ni wawili, na mmoja kati yao alilifungua kwa bahati mbaya akashindwa kulifunga. Waziri Tandamilo aliita waandishi wa habari. Alikuwa na hasira za kweli, mpaka miwani ikamshuka.

"Ndugu waandishi," alisema, "nimechunguza mbinu za hawa wenzetu na nimegundua jambo la aibu. Wanahesabu watu! Watu! Watu wetu walishahesabiwa kwenye sensa. Mnataka wahesabiwe mara ngapi, mpaka wachakae?"

Kampuni ile ikapewa kibali cha kuondoka nchini. Ndicho kibali pekee ninachokijua ambacho kilitoka siku hiyohiyo.

Kisha likatokea balaa lenyewe. Fundi mmoja wa wizara, bila kumuuliza mtu, aliunganisha seva ya pili. Foleni ikayeyuka. Watu walikuwa wanafungua ukurasa, wanachukua kibali, wanafunga, wanakwenda zao kupika. Kwa wiki ile Tumaini lilianguka hadi asilimia kumi na moja. Waziri aliitisha kikao cha dharura, wakakaa mpaka wakaletewa chakula mara mbili, na mwishoni wakamgundua mhalifu: kasi. Ikaundwa Kamati ya Kudumisha Subira. Fundi akahamishiwa idara ya mifugo, na seva ya pili ikapelekwa makumbusho, ambako wanafunzi huletwa kuiona.

Kamati ilifanya kazi kwa bidii kubwa, kwa sababu Wiki ya Tumaini ilikuwa inakaribia. Katika wiki hiyo Mlezi angemwalika yule rais jirani na kumsomea takwimu zetu usoni.

*

Bi. Asumini alifariki Jumatatu ya Wiki ya Tumaini, alfajiri, katika usingizi.

Alikuwa mke wa Mzee Ngwali, fundi magodoro, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Hapa mtaani ni nadra kumkuta mtu asiyelalia pamba iliyochambuliwa na mikono ya wawili wale. Walikaa pamoja miaka mingi bila mtoto na bila ugomvi wa kusikika nje. Nilimpenda yule mama. Nilipokuwa sijaoa alikuwa ananitilia wali kwenye bakuli na kuniambia nisimrudishie bakuli tupu, nami kila mara nilirudisha tupu naye kila mara alijaza tena.

Nilimkuta Mzee Ngwali barazani amekaa kwenye jamvi, simu ameishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mzee wangu. Pole sana."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa." Akanigeuzia kioo. "Hebu nitazamie. Wameshamwosha, wameshamkafini, kaburi limeshachimbwa. Imebaki hii tu. Inaniambia subira."

Bila kibali cha kuzika, mlinzi wa makaburi hafungui geti. Sheria hiyo ilitungwa ili marehemu nao wahimize matumizi ya Tumaini. Nilimwambia mzee asiwe na wasiwasi, kitatoka kabla ya adhuhuri, maana mimi nafanya kazi hukohuko.

Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Mwajabu, muuza juisi, mama mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara, alileta barafu zake zote kwenye ndoo akaziingiza ndani kwa marehemu. Jua la mwezi ule mnalijua. Maiti hakai, na sisi kwetu kumzika mtu ni kumsitiri. Kila saa inayopita ni sitara inayomvuka. Mzee Ngwali alikuwa hali wala hanywi, anaogopa akiitua simu ukurasa utajifunga aanze upya.

Mwajabu ndiye aliyekuja na wazo. Alisimama katikati ya wafiwa mikono kiunoni.

"Jamani, uungwana wetu uko wapi? Mzee wa watu anasubiri peke yake toka asubuhi, sisi tumekaa tunamtazama! Si tulichanga mchele? Si tulichanga sanda? Basi na huku tuchange. Mzee, nitajie namba ya ombi lako, na mimi nisubiri."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," imamu akaunga mkono.

Nchi nyingine sizijui, lakini mtaani kwetu msiba ni wa wote. Kila mtu akatoa simu, akafungua Tumaini, akaingiza namba ya ombi la Mzee Ngwali, akapata ukurasa wake wa kusubiria. Mimi nikiwemo. Wasio na bando wakanunuliwa bando. Waliokuja kutoka mitaa ya mbali, badala ya kuuliza rambirambi inapokewa na nani, waliuliza namba ya ombi. Usiku kucha wanawake ndani na wanaume nje walikaa wanasubiri kwa zamu, na nilipomtazama mzee niliona machozi yanamtoka. Aliniambia hakujua kwamba Asumini alipendwa kiasi hiki.

*

Kulipokucha nilikwenda ofisini kumwomba Bi. Leokadia msaada. Alikuwa amesimama mbele ya ramani ya nchi, ile inayowaka taa palipo na watumiaji wengi. Mahali ulipo mtaa wetu palikuwa pekundu mpaka panaumiza macho.

"Sefu, si ndiko kwenu huku? Mna nini huko?"

"Tuna msiba, mama."

"Msiba gani unaleta namba kama hizi? Mtaa mmoja umeupita mji mkuu."

Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu barafu. Nikamwomba, kama kuna mtu anamjua wizarani, ampigie simu kibali kitoke. Bi. Leokadia alivua miwani akajifuta uso kwa kanga aliyojitanda.

"Baba, mimi napima tu," alisema. "Huwezi kwenda kwa mtu mwenye mizani ya samaki ukamwomba samaki. Mimi mwenyewe likizo yangu nimeiomba tangu mfungo wa mwaka jana, ukurasa uko palepale mezani unazunguka. Rudi kwa wenzio. Nami sina budi kumjulisha Waziri, maana na yeye anaiona ramani hii."

Sikumlaumu. Nilirudi.

Waziri Tandamilo aliwasili kabla ya adhuhuri na msafara wa magari, matarumbeta na kikombe kikubwa cha shaba. Matarumbeta yalipoona turubai la msiba yalinyamaza, isipokuwa moja lililokuwa nyuma. Msaidizi wake alikuwa amekumbatia kishikwambi kinachoonyesha takwimu za papo kwa papo. Waziri alipewa kiti, akakataa, akasimama juu yake.

"Ndugu wafiwa, na ndugu watumiaji," alianza. "Leo ni siku ya furaha. Nasema ya huzuni, lakini huzuni iliyobeba furaha mgongoni. Wako watu wenye nia mbaya wanaosema kwamba anayesubiri hajahudumiwa. Mtaa huu umewajibu! Mtaa huu umetufundisha kwamba kusubiri ndiyo huduma yenyewe! Kesho Mlezi atamsomea mgeni wake asilimia mia na arobaini na mbili, na kati ya hizo, ndugu zangu, nyingi zimetoka katika baraza hii. Kwa hiyo kwa niaba ya Mlezi namtangaza Mzee Ngwali kuwa Mtumiaji Bora wa Taifa."

Mzee aliinuka kwa kujishika ukutani. Akapewa kikombe. Akakitazama ndani kama kuna kitu.

"Ahsante mheshimiwa. Kibali kimo humu?"

Waziri akacheka, akamwekea mkono begani. "Mzee wangu, ukipata kibali leo, utaacha kusubiri. Na wewe ukiacha, hawa wote wataacha. Tuvumiliane mpaka kesho jioni, mgeni akishaondoka."

"Mke wangu yuko ndani tangu jana."

"Na mchango wake tunauthamini sana."

Mwajabu alikipokea kikombe kutoka kwa mzee, akakipima kwa macho, akakipeleka ndani kuwekea barafu. Mzee Ngwali alibaki amesimama. Kisha akageuka kwa imamu akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza uzi, "Tumtoe. Asumini hajapata kunisubirisha hata kwa kikombe cha chai. Geti wakilifunga nitakaa naye hapo nje."

Jeneza likatoka. Ndani wanawake wakaachia kilio, simu zikaanguka kwenye mikeka, kurasa zikajifunga, maana mtu hawezi kulia vizuri huku anatazama kioo.

"Mheshimiwa," msaidizi akasema, "tumeshuka hadi mia na kumi."

*

Msikiti uko mwisho wa mtaa. Tulipofika mlangoni imamu aligeuka akasema anachokisema kila siku. "Zimeni simu, jamani. Tunakwenda kumswalia marehemu."

Watu wakatazamana. Kuzima simu ni kufunga ukurasa, na kufunga ukurasa ni kuanza upya. Kusubiri kote kule, kutwa na kucha, kungekuwa kazi bure. Wote wakamwangalia mzee. Alinipa simu yake.

"Sefu, mimi sijui inazimwaje. Nizimie."

Nikaizima. Basi simu zikazimwa moja baada ya nyingine, na Waziri, aliyekuwa ametufuata kwa miguu katika vumbi, akaanza kuhangaika kama kuku aliyekosa pa kutagia.

"Sitini, mheshimiwa," msaidizi alikuwa anasema. "Arobaini. Ishirini na tano."

"Wekeni kwenye mtetemo!" Waziri aliomba kutoka nje. "Ndugu zangu, mtetemo tu! Mungu anaelewa mtetemo!"

Tuliswali. Tulipotoka alikuwa angali pale, ametota jasho, anamshika kila mtu mkono na kumsihi awashe. Lakini kwetu jeneza halikai kwenye bega moja. Linapita kutoka mtu hadi mtu, na aliye karibu analipokea bila kuulizwa ni nani. Waziri alikuwa karibu. Aliponyanyua mkono kumsihi kijana wa mbele yake, jeneza lilikwishamfikia, na ukishalipokea huwezi kulitupa. Akatembea nalo, koti la suti limekunjamana, anahema, midomo inaendelea kusema "tafadhali".

Hivyo ndivyo mlinzi wa makaburi alivyotuona. Alikuwa amejiandaa kutuuliza kibali. Akamwona Waziri chini ya jeneza, akagonga visigino, akapiga saluti na kufungua geti lote, hata lile bawa ambalo nasikia halijafunguliwa tangu uhuru.

Tukamsitiri Bi. Asumini. Kila mmoja wetu alitupia udongo, na Waziri pia, maana alikuwa kwenye mstari na watu walimtazama. Tulipomaliza ilisomwa dua, watu wakampa mzee mkono, wakaanza kutawanyika wakijifuta vumbi. Walikuwa wamechoka, lakini nyuso zao zilikuwa na ile nuru ya watu waliofanya jambo jema. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Angalau tulimsaidia kusubiri."

Mzee Ngwali aliniomba simu yake. Nikaiwasha na kufungua Tumaini kabla ya kumpa. Picha ya Mlezi ikatabasamu kwa muda wake, kisha ukaingia ujumbe, nami nikausoma kwa kuwa macho ya mzee yalikuwa yamevimba. Kibali cha kumzika Bi. Asumini kilikuwa kimetolewa. Kilitoka wakati tuko kwenye safu, tunamswalia.

Mimi ni Ofisa Sababu. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe sababu ilinijia yenyewe, na niliomba isinijie. Seva ni moja. Ombi lilikuwa moja, na watu wa mitaa yote ile walikuwa wamelikalia kutwa na kucha, kila ukurasa ukijirudia na kujirudia, kila mmoja akimzibia mzee mlango kwa mapenzi. Tulipozima tu, njia ikawa wazi, na ombi, ambalo kumbe lilikuwamo ndani muda wote, likapita.

"Inasema nini?" mzee aliuliza.

"Kibali kimetoka, mzee wangu."

"Kimetoka saa ngapi?"

Nikamwambia. Yeye hajasoma mambo ya mtandao, lakini kuchambua pamba ni kazi ya kujua kinachobana kiko wapi. Akaihesabu mwenyewe. Aligeuka akawatazama majirani zake, wanashuka kuelekea getini, imamu amemshika mkono mzee mmoja asiyeona vizuri, vijana wamebeba majembe.

"Kumbe wangelala zao tu," alisema taratibu, "jana ileile angekuwa amepumzika."

Nilimnyooshea simu.

Mzee Ngwali akaichukua, akaitia mfukoni mwa kanzu, akanishika mkono kwa nguvu kuliko nilivyomdhania.

"Sefu mwanangu," aliniambia, "usiwaambie."